Maswali ya Wasomaji: Mwogeleaji Bora wa Mwaka Hupatikanaje?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: tuzo za mwaka za wanamichezo bora wa majini. Wapo wanaotaka kujua zinavyotolewa katika ngazi ya dunia, na wapo makocha wanaotaka kuanzisha za kwao klabuni. Tumeanza na lililoulizwa na wengi.

SWALI: Mhariri, kila mwisho wa mwaka nasoma kwamba fulani ndiye mwogeleaji bora wa dunia. Siku chache baadaye nasoma jina lingine kabisa. Tuzo yenyewe hasa ni ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuzo ni zaidi ya moja, na kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza hutolewa na World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini. Lilianzishwa London mwaka 1908 likiitwa FINA, na jina la sasa lilipitishwa Desemba 2022. Linasimamia michezo sita: kuogelea bwawani, kuogelea maji ya wazi, kuruka majini, mruko wa juu (kuruka majini kutoka mahali pa juu sana), polo ya majini na kuogelea kisanii (maonyesho ya majini yanayopewa alama na majaji). Tuzo zake hutolewa kwa kila mchezo peke yake, wanawake mbali na wanaume. Mwaka 2024, kwa kuogelea bwawani, zilikwenda kwa Léon Marchand wa Ufaransa na Summer McIntosh wa Kanada.

Ya pili ni ya jarida la Swimming World la Marekani, na ina umri mkubwa kuliko ya shirikisho. Ilianza mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, na washindi wake wa kwanza walikuwa Don Schollander na Sharon Stouder, wote Wamarekani. Schollander alikuwa ametoka Tokyo na medali nne za dhahabu. Ian Thorpe wa Australia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuichukua mara nne: 1998, 1999, 2001 na 2002. Jarida hilo huchagua pia bora wa kila ukanda, ikiwemo Afrika.

Kuna tuzo nyingine ambazo watu huzichanganya na hizi. Mchezaji bora wa mashindano hupimwa kwa siku za mashindano hayo tu. Mshindi wa jumla wa Kombe la Dunia la kuogelea hupatikana kwa pointi alizokusanya katika vituo vya msururu huo, kwa hiyo bingwa wa Olimpiki asiyeshiriki hayumo kabisa. Halafu kuna ukumbi wa heshima wa kimataifa wa kuogelea, ulioko Fort Lauderdale, Florida. Kila mwaka huingiza majina mapya, lakini hupima maisha yote ya mwanamichezo, haupimi msimu mmoja.

Ukisoma tangazo lolote, tafuta kwanza mambo matatu: nani anatoa, kipindi kinachopimwa kinaanza na kuisha lini, na mchezo ni upi. Ukiyajua hayo, majina mawili tofauti katika wiki moja hayatakusumbua.

SWALI: Kipi kina uzito zaidi, dhahabu au rekodi ya dunia? Mwaka 2024 mimi ningempa tuzo Pan Zhanle wa China.

JIBU: Hoja yako ina nguvu. Tarehe 31 Julai 2024, mjini Paris, Pan aliogelea mita 100 mtindo huru kwa sekunde 46.40 na kuvunja rekodi yake mwenyewe. Kyle Chalmers aliyekuwa wa pili alitumia 47.48. Katika mbio ambazo mara nyingi huamuliwa kwa sehemu chache za mia za sekunde, pengo la sekunde 1.08 ni kubwa mno.

Sasa mtazame Marchand usiku huohuo, katika bwawa hilohilo. Alishinda mita 200 mtindo wa kipepeo, akapumzika kwa muda wa kama saa mbili, akarudi kushinda mita 200 mtindo wa chura. Mitindo hiyo miwili haifanani hata kidogo kwa misuli inayotumika, na ni nadra sana mtu kuimudu yote miwili kwa kiwango cha dunia. Alipoondoka Paris alikuwa na dhahabu nne za mtu mmoja mmoja, ukijumlisha mita 200 na mita 400 za mitindo minne (kipepeo, mgongo, chura na huru katika mbio moja). Hakuweka rekodi ya dunia hata moja pale. Muda wake wa 4:02.95 katika mita 400 mitindo minne ulikuwa rekodi ya Olimpiki tu, kwa sababu rekodi ya dunia, 4:02.50, alikuwa ameiweka mwenyewe mjini Fukuoka, Japani, mwaka uliotangulia.

Katika tuzo za aina hii, dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwenye mashindano makuu ya mwaka ndiyo hubeba uzito mkubwa kuliko yote. Rekodi ya dunia hufuata. Baada ya hapo huja upana: umeshinda mbio ngapi, kwa mitindo mingapi, kwa umbali gani. Mbio za kupokezana huja mwisho, kwa kuwa dhahabu ile imegawanywa kwa wanne. Kwa maoni yetu mpangilio huo ni wa haki. Rekodi inaweza kuwekwa siku yoyote ambayo mwili umeitika, kumbe fainali ya Olimpiki ina saa yake na haikusubiri.

Hata hivyo, rekodi zikiwa nyingi mno mizani hubadilika. Juni 2025, kwenye mashindano ya mchujo ya Kanada, McIntosh aliweka rekodi tatu za dunia ndani ya siku tano: mita 400 mtindo huru, na mita 200 na 400 mitindo minne. Wiki chache baadaye akachukua dhahabu nne za mtu mmoja mmoja kwenye ubingwa wa dunia Singapore. Mwaka kama huo hauachi mjadala mkubwa.

SWALI: Mimi ni kocha. Nimeambiwa kuna namna ya kulinganisha mwogeleaji wa kipepeo na wa mgongo kwa pointi. Hesabu yake ikoje, na kwa nini mimi na kocha mwenzangu tunapata majibu tofauti kwa muda uleule?

JIBU: Hizo ni pointi za World Aquatics, ambazo wengi bado huziita pointi za FINA. Chukua muda wa msingi wa mbio hiyo, yaani rekodi ya dunia, ugawanye kwa muda wa mwogeleaji wako. Jibu lipandishe kwenye kipeo cha tatu. Zidisha kwa 1,000. Desimali zinazobaki zikate, usizikadirie kwenda juu.

Kijana wako ameogelea mita 100 mtindo huru kwa 52.00 katika bwawa la mita 50. Msingi ni 46.40 ya Pan. 46.40 gawanya kwa 52.00 ni 0.8923. Kipeo cha tatu chake ni 0.7104. Hizo ni pointi 710. Msichana aliyeogelea mbio hiyohiyo kwa dakika moja kamili anapimwa kwa msingi wa wanawake, 51.71 ya Sarah Sjöström ya mwaka 2017. Anapata 640.

Kipeo cha tatu hakikuwekwa kiholela. Nguvu inayohitajika kulipasua maji hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo kupunguza sekunde moja ukiwa tayari na kasi ni kazi ngumu kuliko kuipunguza ukiwa bado na mwendo wa polepole. Kumbuka kipimo hiki cha haraka: ukipunguza muda kwa asilimia 1, pointi hupanda kwa takriban asilimia 3.

Majibu yenu yanatofautiana kwa moja ya sababu hizi, na mara nyingi ni ya kwanza. Jedwali la misingi hubadilika kila mwaka. Kwa bwawa la mita 50 hutumika rekodi zilizosimama hadi Desemba 31, na kwa bwawa la mita 25 hutumika zilizosimama hadi Agosti 31. Mmoja wenu anatumia jedwali la zamani. Ndiyo maana pia pointi za mwaka jana na za mwaka huu haziwekwi kwenye safu moja kabla hujazikokotoa upya kwa jedwali moja.

Sababu ya pili ni urefu wa bwawa. Mita 100 katika bwawa fupi zina mageuko matatu, katika bwawa refu zina geuko moja tu. Kila geuko humpa mwogeleaji ukuta wa kusukumia na nafasi ya kwenda chini ya maji hadi mita 15, ambako mwendo huwa mkubwa kuliko juu. Muda wa bwawa fupi ukiupima kwa jedwali la bwawa refu unapata pointi za bure.

Ya tatu ni kusahau kugeuza dakika kuwa sekunde. 1:52.69 ni sekunde 112.69. Kikokotoo kikipewa 1.5269 hakitalalamika, kitakupa tu namba ya ajabu.

Ya nne ni mbio za kupokezana. Muda wa mwogeleaji wa kwanza peke yake ndio unaohesabika, kwa sababu ameanza kwa ishara ya kuanzia kama katika mbio ya kawaida. Hiyo 51.71 ya Sjöström yenyewe iliwekwa akiwa wa kwanza katika kupokezana. Wanaofuata huanza kujirusha wakimwona mwenzao anakuja, hivyo hawapotezi muda wa kuitikia ishara, na huokoa nusu sekunde au zaidi.

Tahadhari moja zaidi kabla hujafanya pointi kuwa hakimu. Misingi yote haina ugumu sawa. Baadhi ya rekodi za mwaka 2009 ziliwekwa kwa mavazi ya plastiki ambayo yalipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 2010, na chache bado zimesimama, kama 2:01.81 ya Liu Zige katika mita 200 kipepeo. Mwaka 2025 McIntosh aliogelea mbio hiyo kwa 2:01.99 na kupata pointi 995. Mwaka huohuo, 3:54.18 yake ya mita 400 mtindo huru ilimpa 1,015, kwa kuwa ilivuka msingi wa 3:55.38 wa Ariarne Titmus. Anayeogelea mbio yenye msingi wa enzi ya yale mavazi anapanda mlima mrefu zaidi, na jedwali halilioni hilo.

SWALI: Klabu yetu ina watoto wa miaka 9 hadi vijana wa miaka 20. Kila mwaka tuzo ya mwogeleaji bora inazua manung'uniko. Tufanyeje?

JIBU: Manung'uniko mengi hutokana na vigezo vinavyotungwa baada ya matokeo kujulikana. Viandikeni kabla ya mashindano ya kwanza ya msimu, vibandikwe ubaoni, na visiguswe hadi msimu uishe.

Andikeni tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Semeni ni mashindano gani yanahesabika, na kwamba muda wa mazoezini hauhesabiki hata kama kocha mkuu ndiye aliyeshika saa. Chagueni urefu mmoja wa bwawa, na kama mna mabwawa yote mawili, kila moja lipimwe kwa jedwali lake.

Kwa kipimo chenyewe, tunapendekeza jumla ya pointi bora tatu kutoka mbio tatu tofauti, na angalau mbili ziwe za mitindo tofauti. Mkihesabu mbio moja tu, mtampa tuzo yule wa mita 50 ambaye hana kingine. Mkihesabu tano au sita, mtawatupa nje waliobobea mtindo mmoja, na wale waliougua sehemu ya msimu. Tatu inatosha. Wekeni pia idadi ya chini ya mashindano, tuseme matatu, ili asije mtu mara moja akaondoka na kombe.

Sasa umri. Jedwali la dunia limejengwa kwa watu wazima, kwa hiyo mtoto wa miaka 10 hawezi kumfikia wa miaka 18 hata akiwa na kipaji cha ajabu. Msijaribu kuunganisha. Toeni tuzo kwa makundi ya umri wa miaka miwili miwili, na mwamue umri unahesabiwa siku gani. Desemba 31 ya mwaka wa msimu ni rahisi, maana mtoto habadilishi kundi katikati ya msimu.

Tuzo ya aliyepiga hatua zaidi ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Wengi hutumia asilimia ya muda uliopungua. Tazameni kinachotokea: msichana mdogo ametoka 1:20.00 hadi 1:15.00 katika mita 100 mtindo huru, ambayo ni asilimia 6.25. Kijana mkubwa ametoka 55.00 hadi 54.00, asilimia 1.8. Kwa asilimia, msichana amemzidi zaidi ya mara tatu. Kwa pointi, msichana ametoka 270 hadi 327, nyongeza ya 57, na kijana ametoka 600 hadi 634, nyongeza ya 34. Pengo limepungua na linaeleweka zaidi. Tumieni nyongeza ya pointi, ndani ya kundi la umri, na muda wa kuanzia uwe bora wa msimu uliopita, si wa mashindano ya kwanza ya msimu huu. Mkiacha mwanya huo, kuna watakaoogelea polepole Januari kwa makusudi.

Saa nazo. Mashindano yenye pedi za kugusa (vibao vya ukutani vinavyosimamisha saa mwogeleaji akivigusa) na yenye saa za mkono hayalingani: mpima muda huchelewa kidogo kubonyeza wakati wa kuanza, lakini mwisho anamwona mwogeleaji akija na kumsubiri kidole kikiwa tayari, kwa hiyo saa ya mkono huelekea kuonyesha muda mfupi kuliko uliotumika. Kama hamna pedi, wekeni wapima muda watatu kwa kila njia. Saa mbili zikilingana, huo ndio muda. Zikitofautiana zote tatu, chukueni wa katikati. Ikifa moja, chukueni wastani wa mbili zilizobaki. Asiwepo mzazi anayempima mwanawe.

Wakifungana kwa pointi, aliye na mbio moja yenye pointi nyingi zaidi ashinde. Nalo liandikwe mapema. Na mtu mmoja, asiye kocha, atunze daftari la matokeo na kulisasisha ndani ya wiki moja baada ya kila mashindano. Desemba ikifika, hakuna wa kushangaa.

SWALI: Katika kuruka majini, mwanamume akipata 500 na mwanamke 400, si ina maana mwanamume ni bora zaidi?

JIBU: Hapana. Kwenye Olimpiki na ubingwa wa dunia, fainali ya wanaume ina miruko sita, ya wanawake ina mitano. Ukitaka kulinganisha, gawanya kwanza kwa idadi ya miruko, na hata hapo bado ugumu unatofautiana.

Katika mashindano makubwa ya mtu mmoja mmoja kuna majaji saba. Kila mmoja hutoa alama 0 hadi 10, kwa nusu nusu. Tuseme wametoa 7.5, 8.0, 8.5, 8.5, 8.5, 9.0 na 9.0. Mbili za juu na mbili za chini hufutwa, zinabaki 8.5 tatu, jumla 25.5. Hiyo huzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko. Ukiwa 3.2, mrukaji anapata 81.60.

Kwa jopo la tuzo, hapo ndipo penye kazi. Mrukaji anaweza kujipatia pointi kwa kuchagua mruko mgumu na kuufanya kwa wastani, au mruko wenye ugumu wa kawaida na kuufanya bila dosari. Tazama alama za majaji kabla hazijazidishwa, na utazame msimu mzima. Quan Hongchan wa China alipokusanya 466.20 kutoka jukwaa la mita 10 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 14, aliyekuwa akitazama angeona maji hayakurukaruka alipoingia: mikono imefungana, mwili umenyooka, ncha za vidole vya miguu zinazama palepale viganja vilipozama. Mrukaji akiingia akiwa amepinda hata kidogo, maji hutawanyika na jaji hupunguza.

SWALI: Mbona waogeleaji wa maji ya wazi hawapimwi kwa muda?

JIBU: Kwa sababu kilomita 10 za leo si kilomita 10 za kesho. Mkondo, mawimbi, upepo na joto la maji hubadilisha muda kwa dakika kadhaa, na kanuni huruhusu maji ya nyuzijoto 16 hadi 31. Chini ya 18, vazi la kuzuia baridi ni lazima, nalo humwinua mwogeleaji majini na kumwongezea kasi. Kinachohesabika ni nafasi. Rio 2016, Ferry Weertman na Spyridon Gianniotis waliandikiwa muda uleule wa 1:52:59.8, na dhahabu ikaenda kwa Weertman kwa sababu picha ilionyesha mkono wake umegusa ubao wa kumalizia kwanza. Hapo juu kwenye ubao ndipo pa kugusa: anayepita chini yake bila kugusa hajamaliza.

Mtu akitaka tuzo katika mchezo huu, ashinde mbio za aina mbalimbali. Florian Wellbrock wa Ujerumani, Singapore 2025, alichukua dhahabu zote nne alizozishindania: kilomita 5, kilomita 10, mbio mpya za mchujo za kilomita 3, na kupokezana kwa timu mchanganyiko.

SWALI: Nacheza polo ya majini nikiwa kipa. Tuzo za mchezaji bora daima huenda kwa mfungaji. Je, kipa hupimwaje?

JIBU: Hupimwa kwa asilimia ya uokoaji: mashuti uliyookoa, gawanya kwa jumla ya uliyookoa na uliyofungwa. Ukiokoa 12 na kufungwa 8, una asilimia 60, na hiyo ni mechi nzuri sana. Mashuti yaliyopita pembeni au kugonga mwamba hayamo. Penalti ziandikwe kando, kwa sababu shuti la mita 5 bila ulinzi haliwezi kulinganishwa na shuti la mita 8 lililopita katikati ya mikono ya mabeki. Kipa ambaye timu yake hutoa penalti nyingi ataonekana dhaifu bila kosa lake.

Kama klabu yenu huandika magoli tu, hapo ndipo tatizo lilipo, na kipa si yeye peke yake anayeonewa. Mshambuliaji wa kati, yule anayepigana na beki mbele ya goli akiwa ameupa lango mgongo, anaweza kumaliza mechi bila goli lakini amesababisha wapinzani watano kutolewa nje kwa muda. Kila anapotolewa mmoja, timu yake inashambulia watu sita dhidi ya watano pamoja na kipa. Na mpinzani akifikisha makosa matatu ya aina hiyo haruhusiwi kurudi tena katika mechi. Mwandishi wa takwimu aandike angalau mambo haya kwa kila mchezaji: mashuti na magoli, kutolewa alikosababisha, kutolewa kwake mwenyewe, mipira aliyoiba, mipira aliyopoteza, na mashuti aliyozuia kwa mkono. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, mmoja akitaja na mwingine akiandika, kwa sababu anayeinamisha kichwa kuandika hukosa tukio linalofuata.

SWALI: Katika kuogelea kisanii, tangu 2023 mabingwa tuliowazoea wameanza kuanguka ghafla. Kuna nini?

JIBU: Mfumo wa alama ulibadilishwa. Sasa kocha huwasilisha mapema kadi inayotaja kila kipengele cha onyesho na ugumu wake. Wakati wa onyesho, wakaguzi wa kiufundi hulinganisha kinachofanyika majini na kilichoandikwa. Mguu ukikosa pembe inayotakiwa, au mzunguko ukipungua, kipengele hicho hushushwa hadi thamani ya msingi na ugumu wake wote uliotangazwa hupotea, hata kama kilipendeza machoni. Timu iliyoandika kadi ya ujasiri inaweza kutoka ya kwanza hadi nje ya medali kwa kipengele kimoja au viwili. Kwa tuzo ya mwaka, usimpime mtu kwa onyesho moja. Hesabu ni mara ngapi kadi yake ilipita nzima bila kushushwa.

SWALI: Mshindi akibainika baadaye kuwa alitumia dawa zilizokatazwa?

JIBU: Matokeo hufutwa tangu siku ilipochukuliwa sampuli iliyomtia hatiani, medali hurudishwa, na tuzo iliyojengwa juu ya matokeo hayo inakuwa haina msingi. Katika vigezo vya klabu yenu andikeni kifungu kimoja kinachosema tuzo itarudishwa na itakwenda kwa aliyekuwa wa pili. Msiache kikao kiamue siku hiyo, maana atakayejadiliwa atakuwa mtoto wa mtu aliyeketi mezani.

SWALI: Wa mruko wa juu hawaendi Olimpiki. Tuzo yao inatokana na nini?

JIBU: Inatokana na ubingwa wa dunia, ambako mchezo huo uliingia Barcelona mwaka 2013, na msimu wa mashindano ya kimataifa. Wanaume huruka kutoka mita 27, wanawake mita 20, na wote huingia majini kwa miguu, kwa kuwa kutoka mita 27 mwili hufika kwa kasi ya takriban kilomita 85 kwa saa na shingo haiwezi kuhimili pigo hilo. Wazamiaji wa uokoaji husubiri majini, na mrukaji huwapa ishara mara tu anapoibuka kuonyesha kwamba yu salama. Rhiannan Iffland wa Australia ameshinda ubingwa wa dunia wa wanawake mara tano mfululizo: 2017, 2019, 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2022 mchezo huo haukuwemo kwenye ubingwa wa Budapest.